Kuhasi kondoo wa nyama: nani umhasi, nani umwache

Kwanza jiulize utamuuza lini, manake uamuzi wote uko hapo. Dume mzima anakua haraka kuliko aliyehasiwa, homoni yake inajenga misuli na kupunguza mafuta, so kama una dume wa aina ya Dorper aliye kwa nyasi nzuri na ataingia sokoni kabla ya miezi 6 au 7, mwache hivyo hivyo, ukimhasi unatupa kilo bure. Kiangazi hiyo tofauti inapungua, nyasi zikiisha hakuna wa kunenepa.

Dume wa aina ya Red Maasai wa kukaa malishoni mwaka na zaidi ni hesabu nyingine. Akishabalehe anashinda akikimbiza majike badala ya kula, anagongana vichwa na wenzake, anapanda hadi mama yake, na nyama inaanza kuwa ngumu na ile harufu nzito ya dume. Aliyehasiwa anatulia, anaweka mafuta chini ya ngozi na mkiani, nyama inabaki laini. Wateja wa Idd waulize mapema, wengine wanataka dume mzima tu.

Umri sasa. Raba, yaani kipete cha mpira cha kukaza juu ya kende, ni wiki ya kwanza, akishanyonya dang'a (maziwa ya kwanza ya mama) vizuri. Badizo, yaani koleo la kuponda mshipa wa kende bila kukata ngozi, ni kuanzia mwezi hivi, ukichelewa sana maumivu yanazidi. Kama vet yuko karibu mwombe dawa ya maumivu.

Raba: mwenzako amshike tumbo likiwa juu, shusha kende zote mbili chini ya raba, zipapase uhakikishe ni mbili, na vile vichuchu vidogo vibaki nje, ndo uachie. Moja ikipanda juu, kata raba uanze upya.

Badizo: kila kende ina mshipa wake, unabana mmoja mmoja. Usukume ukae pembeni ya mfuko, bana, hesabu polepole mpaka kumi, halafu huo mwingine ubane juu kidogo au chini kidogo ya alama ya kwanza. Ukibana mstari mmoja kutoka huku hadi huku damu inakatika na mfuko mzima unaoza, hiyo kitu wengi hawaambiwi kabisa.

Pepopunda inaua, hasa kwa raba. Chanja mama mwezi mmoja hivi kabla hajazaa, kinga inapita kwa dang'a.

Aliyebanwa badizo mpapase tena baada ya wiki 6: kende ziwe zimesinyaa. Ukikuta moja bado imejaa, rudia upande huo.