Sindano ya pegifilgrastimu: kuibeba na kuichoma nyumbani Dar

Sindano hii huchomwa mara moja kwa kila mzunguko wa kemo (dawa za kuua saratani), ili uboho utengeneze upya chembe nyeupe za kupambana na maambukizi. Filgrastimu ya kawaida hutolewa na figo haraka, ndiyo maana huchomwa kila siku. Hii imeunganishwa na molekuli kubwa isiyopita kwenye figo. Hukaa mwilini mpaka chembe nyeupe ziongezeke na kuimaliza zenyewe.

Kwa hapa Dar, adui mkubwa ni safari. Dawa inataka nyuzi 2 hadi 8. Ukitoka nayo hospitali ya saratani ya Ocean Road kwenda Kigamboni mwezi Februari, kusubiri pantoni tu kunatosha kuipasha. Beba deli dogo lenye barafu, ila kwanza viringisha boksi la dawa kwenye taulo, kwani ikigusa barafu huganda. Iliyoganda usiichome kabla ya kumwuliza mfamasia. Kwenye friji iweke rafu ya katikati, mbali na friza. Umeme ukikatika, usifungue fungue mlango. Na bomba la sindano lisitikiswe: dawa hii ni protini, huharibika.

Kemo ikiisha, subiri saa 24 kamili kabla ya kuchoma. Dripu ya kemo ikiisha Jumanne saa 9 alasiri, usichome kabla ya Jumatano saa 9 alasiri. Ukiwahi, chembe changa zinazoanza kugawanyika huuawa na kemo iliyobaki mwilini.

Itoe kwenye friji nusu saa kabla. Usiipashe kwa maji moto wala jua. Ikiwa na ukungu au chembechembe, iache. Dozi ya mtu mzima ni miligramu 6, yaani mililita 0.6, bomba zima. Nawa mikono, futa ngozi kwa pamba yenye spiriti, acha ikauke. Finya ngozi ya paja, au ya tumbo sentimita 5 kutoka kitovuni, ingiza sindano kama muuguzi alivyokuonyesha, sukuma polepole hadi mwisho. Usisugue. Bomba tupu litie kwenye chupa ngumu ya plastiki, ulirudishe hospitali. Ukilitupa kwenye kiroba, atakayechomwa ni mzoa taka.

Mifupa ya kiuno na mapaja huuma siku chache. Kabla ya kumeza paracetamol pima joto, maana huficha homa. Likifika nyuzi 38, nenda hospitali saa ileile, hata kama ni usiku wa manane. Maumivu chini ya mbavu za kushoto au begani kushoto nayo hayasubiri: huenda ni wengu (bandama). Mwenye sikoseli amwambie daktari kabla ya dozi ya kwanza, kwa kuwa dawa hii inaweza kumwamshia maumivu makali.