Mtoto yuko P7 kwa masista: namna ya kumsaidia hata kama wewe hukufika huko

Mimi niliishia P6, yaani darasa la sita. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani haya nimeyatoa chuoni. Nauza soda, maji na chapati hapa Busia, upande wa Uganda, karibu na geti la mpaka wa Kenya, na watoto wangu watatu wote wamepita darasa la saba katika shule ya Kikatoliki ya masista. Sisi ni Waislamu. Nyumbani tunaongea Kiswahili, sokoni Kisamia na Luganda, madrasa Kiarabu, shuleni Kiingereza. Lugha zote hizo mtoto anatembea nazo kichwani, halafu siku ya mtihani anatakiwa atumie moja tu.

Kitinda mimba alipomaliza, kina mama wakaanza kunijia kibandani: "Mama, wewe ulifanyaje?" Nimechoka kurudia, naandika.

Kwanza ondoa wasiwasi kuhusu silabasi. Shule ya masista haina silabasi yake ya kichini-chini. Inafundisha ile ile ya serikali, na PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, unatungwa na UNEB, baraza la mitihani la Uganda, kwa nchi nzima. Masomo yanayotahiniwa ni manne: Hesabu, Kiingereza, Sayansi, na Maarifa ya Jamii pamoja na Dini. Kiswahili hakimo kati ya hayo manne, ingawa Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Hilo linaniuma, ila si la leo. Kila somo linapewa alama kuanzia 1, ambayo ndiyo bora, mpaka 9, ambayo ni kuanguka. Ukizijumlisha unapata agrigeti: 4 ni juu kabisa, 36 ni chini kabisa, na daraja la kwanza linaishia 12. Kwa hiyo jirani akikwambia mwanawe "amepata nne", usimpe pole.

Muhula wa kwanza, kabla ya vitabu, shughulikia jina. Shule inawasajili watahiniwa, na jina litakaloandikwa pale ndilo litakalotoka kwenye matokeo. La kifungua mimba wangu lilikosewa herufi moja tu, nami sikwenda kuangalia kwa kuwa siku hiyo nilikuwa na mzigo wa soda unaoshushwa. Kurekebisha herufi ile baadaye kulinila nauli ya kutosha kununua friji ndogo. Nenda na cheti cha kuzaliwa, omba kuiona orodha, soma herufi kwa herufi. Wakikuona msumbufu, waache wakuone.

Sasa masomo yenyewe. Njia yangu ni moja. Kila jioni, nikifunga kibanda, mtoto ananieleza kwa Kiswahili kile alichofundishwa kwa Kiingereza. Simsahihishi, maana sijui. Namuuliza tu, "Kwa nini?" na "Nionyeshe." Akikwama, hapo ndipo hajaelewa, hata kama daftari limejaa tiki nyekundu. Anaweka alama ya penseli pembeni, na kesho yake anamuuliza mwalimu.

Nichukue mfano wa Sayansi, mada ya mashine rahisi. Mwanangu wa pili alikuwa amekariri kwamba kuna nyenzo (vile vifaa vinavyoegemea sehemu moja ili kuinua au kubana mzigo) za aina tatu, anaziimba kama kasida. Nikamwambia nionyeshe. Akabaki ananitazama. Nikampa kifungua chupa na soda, nikamwambia fungua polepole, niambie egemeo liko wapi, mzigo uko wapi, na mkono wako unasukuma wapi. Akafungua chupa tatu (mbili nikawauzia wateja kwa bei ya hasara kwa kuwa gesi ilishatoka) ndipo akaona: ncha ya kifungua inaegemea juu ya kizibo, meno yanashika ukingo wa kizibo, mkono uko mwisho kabisa. Mzigo upo katikati. Hiyo ni aina ya pili, sawa na toroli la wale vijana wanaovusha mizigo mpakani. Mkasi wangu wa kukatia pakiti za maziwa una egemeo katikati, aina ya kwanza. Koleo la bati la kushikia makaa, lile lililokunjwa, unalibana katikati, aina ya tatu. Kibanda kizima kikawa darasa. Mada nyingine za P7 zinakubali njia hii pia: umeme na sumaku kwa tochi iliyofunguliwa, mwanga kwa kioo na sufuria ya maji, mifupa na misuli kwa mkono wake mwenyewe. Figo na mapafu, bucha wa jirani yuko. Mwombe akuonyeshe asubuhi, kabla wateja hawajajaa.

Hesabu ndiyo inayotutesa sisi wa Kiswahili, na ubaya hauko kwenye hesabu. Uko kwenye saa. Mtoto wangu wa kwanza alipewa swali la basi lililotoka Busia saa 8:00 asubuhi kwa saa za Kiingereza na kufika Kampala saa 1:00 mchana. Safari ni saa tano, mtu yeyote hapa anajua. Yeye alifanya nini? Kichwani akaligeuza kuwa saa mbili na saa saba, kama tunavyosema, halafu akaandika saa hizo hizo kwa Kiingereza: ametoka 2:00 usiku wa manane, amefika 7:00 jioni. Jibu lake likawa saa 17. Nikamuuliza dereva huyo alipitia Juba?

Basi tukatengeneza kanuni yetu, naye akaibandika ukutani. Saa yetu ya mchana ongeza 6, unapata saa ya mfumo wa saa 24: saa mbili asubuhi ni 8, saa saba mchana ni 13, saa kumi na mbili jioni ni 18. Saa yetu ya usiku ongeza 18: saa moja usiku ni 19, saa tano usiku ni 23. Ikizidi 24, toa 24: saa nane usiku ni 26, toa 24, inabaki 2. Mfundishe mapema, Februari, siyo Oktoba. Wenye Luganda nao wana ugonjwa huu huu, kwa sababu nao wanahesabu saa kama sisi.

La pili ni kubadilisha fedha, na hapa mtoto wa Busia hana kisingizio. Mpeleke kwa wabadilishaji, wale wanaokaa na mabunda. Tuseme leo wananunua shilingi moja ya Kenya kwa 27 za Uganda na kuiuza kwa 28. Swali la mtihani litasema: mtalii ana shilingi 20,000 za Kenya, atapata ngapi za Uganda? Halafu: mfanyabiashara anataka 20,000 za Kenya, atalipa ngapi? Watoto wengi wanachukua bei yoyote inayowajia. Siri ni kwamba "kununua" na "kuuza" ni maneno ya mwenye bunda, siyo ya mteja. Mtalii analeta za Kenya, mwenye bunda ananunua: 20,000 mara 27, 540,000. Mfanyabiashara anachukua za Kenya, mwenye bunda anauza: 20,000 mara 28, 560,000. Mwanangu akauliza, "Mama, hizo 20,000 za katikati zinakwenda wapi?" Nikamwonyesha mjomba aliyekaa kwenye stuli na kofia yake. Hakukosea tena.

Bikari, rula na kipimapembe nunua vizuri. Watachora pembetatu na pembe za nyuzi 60, 120 na 75 kwa bikari na rula tu, na bikari iliyolegea inachora yai badala ya duara.

Maarifa ya Jamii yanapanda ngazi: P5 ni Uganda, P6 Afrika Mashariki, P7 ni Afrika nzima. Mito, milima, tabianchi, mienendo ya watu, wakoloni, uhuru, mashirika. Tarehe ni nyingi. Usimwache akariri 1884 hadi 1885 Berlin (Wazungu kugawana Afrika), 1957 Ghana (uhuru), 1963 Addis Ababa (umoja wa nchi za Afrika) kama namba za simu. Kwetu nilimsimamisha mlangoni nikamwambia tazama geti lile. Shangazi yako yuko ng'ambo, anatumia noti nyingine na bendera nyingine. Nani aliuchora mstari huo? Akarudi kesho yake na habari iliyonishangaza mimi mwenyewe: kwamba magharibi ya Kenya ya leo ilikuwa chini ya Uganda mpaka mwaka 1902, Waingereza walipoihamishia upande wa pili. Nimeuza soda hapa miaka yote hiyo bila kujua.

Kiingereza nitapita haraka, maana hapo sina la kujivunia. Barua, insha, kupanga sentensi zilizovurugwa, na kuandika sentensi upya kwa kufuata maelekezo. Nilichoweza ni kumfanya asome kwa sauti dakika ishirini kila siku. Chochote, hata gazeti lililofungia chapati.

Nije kwenye dini, ndiko maswali ya kina mama wa Kiislamu yanakolalia. Kwenye shule ya masista dini si kipindi tu. Asubuhi kuna sala, saa sita mchana wanasali Malaika wa Bwana, mwezi wa Mei na Oktoba rozari, Ijumaa za Kwaresima Njia ya Msalaba, na darasa la saba mara nyingi ndilo lenye watoto wanaojiandaa kwa Kipaimara, yaani kuimarishwa katika imani yao. Nenda mapema kwa sista mkuu, kwa heshima, mkubaliane. Mimi nilisema: "Sista, mtoto atakaa Misa kwa adabu, hatapokea komunyo, na Ijumaa mchana naomba aende msikitini." Akakubali kabla sijamaliza soda aliyonipa. Shule zinatofautiana, uliza, usidhani.

Atajifunza pia habari za Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, na ni vizuri azijue hata kama si zake. Wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki, Padre Lourdel aliyeitwa Mapeera na mwenzake Bruda Amans, walifika Kigungu karibu na Entebbe tarehe 17 Februari 1879. Karoli Lwanga na wenzake walichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na Wakatoliki 22 walitangazwa watakatifu mwaka 1964. Waanglikana nao walikuwa 23. Mwanangu wa pili aliuliza darasani kama Waislamu hawakuuawa. Mwalimu, Mkatoliki safi, akawaambia wote kwamba miaka kumi kabla, 1876, Kabaka Muteesa, mfalme wa Buganda, aliwaua Waislamu pale pale Namugongo. Siku ile alirudi nyumbani anatembea kifua mbele.

Sasa shika hili kuhusu karatasi ya mtihani. Maswali ya dini yanakuja mawili mawili kwenye namba moja: la Kikristo au la Kiislamu. Mtahiniwa anajibu moja. Akijibu yote mawili kwenye namba hiyo, hapati kitu. Huyu wangu wa pili, kwa kuwa alijua Amri Kumi na nguzo tano, mapaji saba ya Roho Mtakatifu na sura za Kurani, kwenye mtihani wa majaribio alijibu yote, pande zote mbili, ili waone. Waliona. Alipata sifuri kwenye maswali ambayo alikuwa akiyajua kuliko darasa zima. Alilia mpaka kamasi zikalowesha karatasi.

Kwa hiyo amueni mapema atajibu upande gani, na afanye pasti pepa zote, yaani mitihani ya miaka iliyopita, kwa upande huo. Kifungua mimba alijibu ya Kikristo kwa sababu ndiyo aliyofundishwa darasani. Wa pili alijibu ya Kiislamu kwa sababu madrasa yake ilikuwa imara. Wote walifaulu. Kuna jamaa alinisema kuhusu yule wa kwanza. Nilimuuliza kama yeye alimlipia mtoto daftari hata moja.

Mtihani wenyewe ni siku mbili mwanzoni mwa Novemba. Siku ya kwanza Hesabu asubuhi, Maarifa ya Jamii mchana; ya pili Sayansi asubuhi, Kiingereza mchana. Kabla yake masista wana Misa ya watahiniwa, padre anabariki kalamu na vifaa vya hesabu. Wangu walikwenda, wakakaa nyuma, kalamu zao zikanyunyiziwa maji kama za wenzao. Nilizifuta zisije zikavuja, nikasoma Bismillahi juu yake, nikazifunga kwenye mfuko wa plastiki: kalamu mbili za wino wa bluu, penseli, kifutio, rula, bikari niliyokaza skrubu mwenyewe.

Jioni ya siku ya kwanza usimwulize swali la tatu alijibuje. Mpe wali, mzimie redio, afunge macho.