Somo: Kuchagua trima ya haraka ya maganda ya raifo

Anayejaza upya risasi za .223 nyumbani hachoshwi na baruti wala fataki (kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti). Anachoshwa na maganda. Kila ganda linapofyatuliwa na kisha kupitishwa kwenye dai (kalibu ya chuma inayolibana ganda lirudi kwenye umbo lake), shaba inasukumwa kuelekea mdomoni na ganda linarefuka. Likizidi kipimo, mdomo wake unagota mwisho wa chemba, unakikaba kichwa cha risasi kisiachie kwa uhuru, na presha inapanda kuliko ulivyopanga. Ndiyo maana kazi ya kulikata ganda lirudi kwenye kipimo hairukwi, na trima ndicho kifaa cha kuifanya.

Somo linawahusu hasa walioko Marekani, ambako sheria ya shirikisho haidai leseni kwa mtu anayejijazia risasi za matumizi yake. Ukitaka kuziuza, hapo leseni ya mtengenezaji inahitajika. Walioko Kenya au Tanzania wasiige: sheria za silaha za huko ni kali, na kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai.

Hatua ya 1: Jua unakata hadi wapi

Kipimo cha kwanza ni urefu wa mwisho unaoruhusiwa na SAAMI, chama cha Marekani kinachoweka viwango vya risasi. Cha pili ni urefu wa kukatia unaotumiwa na wajazaji:

.223 Remington: inchi 1.760 (mm 44.70), kata hadi 1.750
6.5 Creedmoor: inchi 1.920 (mm 48.77), kata hadi 1.910
.308 Winchester: inchi 2.015 (mm 51.18), kata hadi 2.005
.30-06: inchi 2.494 (mm 63.35), kata hadi 2.484
.375 H&H Magnum: inchi 2.850 (mm 72.39), kata hadi 2.840

Tofauti ni inchi 0.010 kote. Nafasi hiyo ndiyo inayokuwezesha kutumia ganda mara kadhaa kabla ya kulirudisha mashineni.

Hatua ya 2: Hesabu mara ambazo mkono unalishika ganda

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanalinganisha sekunde za kukata, wakati karibu kila trima ya umeme hukata kwa sekunde chache tu. Kinachokula jioni yako ni kinachofuata: kuchonga ukingo wa ndani ili kichwa kiingie bila kukwaruzwa, na kuondoa ncha kali za nje. Ukiwa na maganda 500 na trima inayokata tu, utayashika mara 1,500. Trima ya njia tatu, yaani yenye wembe mmoja unaokata, unaochonga ndani na kusafisha nje kwa pamoja, inakurudisha kwenye 500.

Kwa hiyo swali la dukani lisiwe "inakata haraka kiasi gani?" Uliza, "ganda likitoka humu, limebakiza kazi gani?"

Hatua ya 3: Tazama mashine inashikilia wapi

Trima za mtindo wa kerezo, kama Forster na L.E. Wilson, hupima kuanzia kitako. Zinakata sawasawa sana, ila kila ganda unalifunga, unalikata, unalifungua. Kwa maganda 50 ya kuwindia, sioni sababu ya kununua kingine.

Trima za haraka karibu zote hupima kuanzia bega (pale ganda linapopungua kuelekea shingo): unasukuma ganda ndani, bega linagota, wembe unakula mdomo, unavuta. Hakuna kufunga wala kufungua. Lakini usahihi wake hauzidi usahihi wa mabega yako. Dai ikiliacha bega moja mbele kwa inchi 0.004 kuliko jingine, ganda hilo litabaki refu kwa hiyo hiyo 0.004, na wembe hauna kosa.

Hatua ya 4: Chagua kwa wingi wa kazi

*Maganda machache.* Lee wana kikatio kidogo chenye pini inayopita kwenye tundu la fataki na kugota kwenye kishikio cha kitako. Bei yake ni ya chini kabisa, na kwa kuwa urefu umewekwa na pini, hakuna cha kurekebisha wala kuharibu. Fataki iliyotumika lazima iwe imetolewa kwanza.

*Mia chache, na tayari una drili.* WFT ya Little Crow Gunworks inafungwa kwenye drili. Ganda linakaa kwenye bearingi na kugota begani. Inakata tu, kingo utamaliza mwenyewe. Tri Way ya Giraud na Trim-It II nazo huendeshwa na drili, lakini ni za njia tatu. Kama pesa inatosha moja tu, nunua ya njia tatu.

*Kaliba nyingi.* Frankford Arsenal Platinum na Lyman Case Trim Xpress zina mota yake, na hubadilisha vishikio vya bega upesi. Frankford ina vituo vya pembeni vya kuchonga kingo, ambavyo ni msaada, ila bado unalishika ganda tena.

*Maelfu ya kaliba moja au mbili.* Giraud ya mezani. Ina mota inayozunguka mfululizo na wembe wa njia tatu. Unasukuma, unazungusha kidogo, unatoa. Kila kaliba inataka kishikio chake na wembe wake, na kubadilisha kunataka spana na subira. Ndiyo maana haimfai mwenye bunduki sita anayejaza ishirini-ishirini.

*Mwenye presi ya hatua nyingi (mashine ya kujazia inayofanya hatua kadhaa kwa mvuto mmoja).* RT 1500 ya Dillon inakaa juu ya presi, inabana ganda na kulikata kwa mvuto mmoja wa mkono, huku hosi ya vakyumu ikinyonya chenga. Dai yake haina kitanua shingo, hivyo shingo hutoka imebana kupita kiasi na ni lazima uipitishe kwenye kitanua baadaye. Ncha za mdomoni nazo zinabaki kwako.

Hatua ya 5: Mpangilio wa kazi

1. Toa fataki, osha. Anayeosha kwa maji na pini za chuma afanye hivyo kabla ya kukata: maganda yanapogongana ndani ya pipa, midomo hupondeka.
2. Paka mafuta, pitisha kwenye dai. Pima bega kwa geji: kurudi nyuma inchi 0.001 hadi 0.002 kunatosha kwa bunduki ya bolti (unayoipakia kwa mkono kila mlio), 0.003 hadi 0.004 kwa inayojipakia.
3. Futa mafuta yote. Usiruke hatua hii.
4. Seti trima kwa ganda moja. Anza ikiwa ndefu, punguza kidogo kidogo, pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia urefu kwa usahihi) kila mara. Ukishapata 1.750 kwa .223, kata mengine matano na uyapime yote kabla ya kukaza skrubu ya mwisho.
5. Kata. Sukuma kwa nguvu ileile, na kila ganda likigota lizungushe nusu duru ndipo ulitoe. Hiyo nusu duru ndiyo inayosawazisha mdomo.
6. Pima moja katika kila ishirini. Tofauti ya inchi 0.002 huku au huku ni kazi nzuri.

Vaa miwani. Chenga za shaba ni nyepesi na zinaruka hadi usoni. Ukimaliza, nawa mikono kabla ya kula, maana mabaki ya fataki yana risasi, ile metali yenye sumu.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Trima yangu ya drili inaacha mdomo wenye mawimbi, kama umetafunwa. Wembe ni mpya.

Jibu: Marahaba. Wembe mpya hulalamika ukisukumwa kwa woga. Ganda likigusa tu bila kukandamizwa, wembe unarukaruka badala ya kula. Ongeza spidi ya drili, sukuma kwa uhakika. Kama unatumia drili ya betri, angalia chaji. Spidi ikishuka katikati ya kazi, mawimbi yanarudi. Pia ifunge drili mezani kwa jiliwa, mkono mmoja usiwe na kazi ya kuishika.

Swali: Urefu unacheza kati ya 1.748 na 1.756 na dai ni ileile. Nimeseti upya mara tatu.

Jibu: Acha kuseti, safisha. Chungulia ndani ya kishikio kwa tochi: utaona chenga zimeganda kwenye mafuta, pale pale bega linapogota. Ganda moja linakaa juu yake, jingine linazisukuma pembeni. Piga brashi kavu kila baada ya maganda hamsini. Ikiwa ni safi na bado inacheza, pima mabega. Maganda ya viwanda tofauti yana ugumu tofauti na hayarudi sawa kwenye dai. Yatenge kwa chapa ya kitako.

Swali: Ndugu, njia tatu inachonga ndani sana kwenye baadhi ya maganda, mdomo umekuwa mkali kama kisu. Mengine yametoka vizuri kabisa.

Jibu: Chapa zimechanganyika tena. Unene wa shingo hautofautiani kwa mengi, lakini wembe wa njia tatu umewekewa unene mmoja. Wembe useti kwa maganda yenye shingo nyembamba zaidi; yaliyo nene yatabaki na ubapa mpana kidogo mdomoni, ambao haudhuru. Mdomo uliogeuka kisu utapasuka mapema, tupa.

Swali: Je, naweza kukatia .45-70 kwenye trima ya bega?

Jibu: Hapana, ganda lile limenyooka, halina bega la kugotea. Tumia inayopima kitako. Na kwa .45-70 usipuuze urefu, kwa sababu mdomo wake hukunjwa kukibana kichwa; urefu ukitofautiana, mkunjo nao unatofautiana.

Swali: Nimekata maganda mia ya .308 hadi 1.998 badala ya 2.005. Nitupe?

Jibu: Usitupe. Ufupi huo hauongezi presha. Shingo imepoteza mshiko kidogo tu. Yatenge kwenye boksi lake, uyatumie ya mazoezi. Yatarefuka yenyewe.