Jinsi ya kutafuta mji wa kale kwa kusoma majani na picha za angani

Watu wakisikia akiolojia wanawaza sururu, kumbe sisi huku pwani tunaanza na majani. Nawapa njia ninayoitumia.

1. Fungua Google Earth Pro kwenye kompyuta, ni ya bure. Anza na magofu yanayojulikana, mfano Songo Mnara kule Kilwa, yatazame sana mpaka jicho lizoee.

2. Chagua tarehe, na hapa ndo wengi wanapokosea, wanachukua picha yoyote. Bonyeza ile alama ya saa urudi miaka ya nyuma, utafute picha za Juni mpaka Agosti, masika yameisha na nyasi zinaanza kukauka. Kama chini kuna ukuta wa mawe ya matumbawe, udongo wa juu yake ni mwembamba, maji yanaisha haraka, kwa hiyo nyasi za hapo zinageuka njano kabla ya za jirani. Palipokuwa na kisima au shimo la choo lililojaa udongo ni kinyume, kijani kinakaa. Ukiona mstari wa njano ulionyooka halafu unakata kona, weka alama hapohapo.

3. Tafuta mibuyu. Watu walikula mabuyu wakatupa mbegu, nyumba zikaanguka mibuyu ikabaki, ndo maana magofu mengi ya pwani utaikuta. Ila mbuyu mmoja peke yake si ushahidi, nataka uone kundi, na mikwaju karibu, na ufuko ambao jahazi linaweza kutia nanga. Bara dalili ni nyingine: Botswana mazizi ya kale ya ng'ombe yalipatikana kwa picha za ndege, kwa sababu nyasi aina ya Cenchrus ciliaris hupenda sana udongo wenye samadi ya zamani.

4. Drone, kama unayo na una kibali. Rusha asubuhi mapema au jioni, kivuli kirefu kinaonyesha vilima vidogo usivyoviona ukiwa chini.

5. Nenda kwa miguu, lakini kwanza piga hodi kwa wazee, pengine pale ni makaburi au mzimuni kwao na jina la mahali wanalijua wao. Angalia vigae (vipande vya vyungu) na makombe ya baharini, piga picha, acha kila kitu kilipo, USICHIMBE. Toa taarifa, Tanzania ni Idara ya Mambo ya Kale, Kenya ni Makumbusho ya Taifa. Na tafadhali sana usiweke lokesheni Facebook, wasaka hazina watafika na majembe kabla ya mtaalamu.