Somo: bati la migongo kwa paa na kuta za Nyanda za Juu Kusini, kuanzia dukani hadi matunzo

Wengi wanaoniita kwenye paa linalovuja hapa Mbeya huanza kwa kulilaumu bati. Nikipanda juu, mara nyingi nakuta bati ni zima. Maji yamepita kwenye tundu la msumari, kwenye mpando (pale bati moja linapolalia jingine) uliofupishwa ili kubana hela, au chini ya kofia ya kileleni. Kwa hiyo somo hili litazungumzia bati, lakini litakaa zaidi kwenye vitu vidogo vinavyolishika.

Hatua ya 1: Dukani, uliza unene na mipako, rangi iwe ya mwisho

Kwenye geji, yaani kipimo cha unene wa bati, namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni karibu milimita 0.4, geji 30 karibu 0.3, na geji 32 ni kama robo milimita tu. Ujanja wa baadhi ya wauzaji ni kupima unene pamoja na rangi. Muulize muuzaji unene wa chuma kabla ya rangi, na uende na maikromita kama unaweza kuazima. Huna? Tumia mzani. Chuma cha milimita 0.4 kina kilo 3 na kidogo kwa kila mita ya mraba kabla ya kukunjwa migongo, cha 0.3 hakifiki hata kilo 2 na nusu. Mabati mawili ya urefu na migongo sawa, yote yakiitwa geji 28, hayawezi kupishana uzito sana.

Mipako ndiyo inayozuia kutu. Kuna bati la zinki tupu, na kuna la alu-zinki, ambalo mipako yake ni alumini asilimia 55, zinki 43.4 na silikoni 1.6. Ukikuta AZ100 au AZ150 imechapwa, hiyo ni gramu za mipako kwa mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Namba kubwa, maisha marefu. Tafuta pia alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Kama bati halina maandishi yoyote na muuzaji anakuhakikishia kwa mdomo, mimi ningeondoka.

Migongo je? Msauzi, bati la migongo mipana, unapitisha maji mengi na hupatikana kwa urefu unaoutaka. Migongo midogo ya kawaida ni rahisi na inatosha kwa jiko au banda. Bati la vigae linapendeza barabarani, ila linataka paa lenye mwinuko na papi (mbao za kupigilia bati) zilizopimwa sawasawa na ngazi zake. Fundi akikosea sentimita mbili, mstari wote unaonekana mlevi. Kwa Tukuyu, ambako mvua ya mwaka inapita milimita 2,000, nachagua msauzi mrefu, kipande kimoja kutoka kofia hadi gata, mfereji wa maji ya paa. Mpando ambao haupo hauvuji.

Hatua ya 2: Pima baada ya kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) kukaa

Usiagize kwa kuangalia ramani. Kenchi zikishasimama, nyoosha futi kutoka kileleni hadi ukingo wa fishabodi, ubao wa mwisho wa paa, ongeza sentimita 5 hivi za kuingia kwenye gata. Kwa upana, hesabu upana unaofunika, usihesabu upana wa bati zima, kwa sababu mgongo mmoja unaliwa na mpando. Mfano: paa la mita 12.6, bati linalofunika sentimita 70, ni mabati 18 kila upande.

Hatua ya 3: Yakifika, yasilale yakiwa na maji

Mabati yaliyobebanishwa yakiloa, maji hukaa katikati bila hewa na kuzaa kutu nyeupe kama chokaa. Yapange juu ya mbao, yaliyoinama kidogo, yafunikwe lakini yapate hewa.

Hatua ya 4: Kupaua

Hapa ndipo pesa inapookolewa au kupotea.

Uliza wazee wa mtaa mvua ya dhoruba hutokea upande gani. Anza kupiga bati kutoka upande ulio mbali na upepo huo, ili mdomo wa kila mpando uupe upepo mgongo. Kama lazima uunganishe kwa urefu, paa lenye mwinuko mzuri lipe mpando wa sentimita 15, lililolala lipe 20 hadi 30, na uweke silikoni ya kuzibia.

Papi za bati la geji 30 naziweka kila sentimita 90. Za geji 28 naweza kufika mita 1.2. Mbao zetu nyingi ni paini za Mafinga, na zikipigiliwa zikiwa mbichi hukauka na kuusukuma msumari nje. Ndiyo maana nahimiza skrubu zenye mpira. Kwenye paa, skrubu inapita juu ya mgongo, maana bondeni ndiko maji yanakotembea. Kaza hadi mpira utulie. Ukitokeza pembeni kama ulimi, umezidisha. Kingo, pembe na kofia zipate skrubu kila mgongo, kwa sababu upepo huanza kung'oa huko. Katikati unaweza kuruka mmoja.

Sasa grenda. Nilipokuwa kijana nilikata bati la rangi kwa grenda, juu ya paa la shemeji yangu. Lilipendeza miezi mitatu. Masika ilipoingia, paa lote likatoka madoa mekundu kama surua. Cheche za chuma zilikuwa zimejishika kwenye rangi, na kingo nilizokata zilikuwa zimeungua mipako. Shemeji bado ananikumbusha kwenye kila harusi. Tumia mkasi wa bati, na fagia vipande vyote siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Kuta

Kwa ghala la mahindi au fremu ya duka, ukutani skrubu inakaa bondeni, pale bati linapogusa mbao, kwa sababu maji ya ukutani yanashuka tu. Bati lisiguse udongo wala saruji mbichi. Saruji inakula mipako. Acha sentimita 15 juu ya ardhi, la sivyo matope yanayoruka yatalitafuna kutoka chini.

Hatua ya 6: Matunzo

Mara mbili kwa mwaka: Oktoba kabla ya mvua, na Juni ikishaisha. Ondoa majani kwenye vale (bonde paa mbili zinapokutana) na gata, hasa ya paini na parachichi. Osha kwa maji, sabuni laini na brashi ya kawaida; steelwool hapana. Mwaka wa kwanza ukiisha, zungukia skrubu zote. Ukitembea juu, kanyaga kwenye mstari wa skrubu, chini yake pana papi. Na usipande paa lililoloa.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Makete:* Shikamoo fundi. Paa langu jipya linadondosha maji asubuhi hata kiangazi. Nimeibiwa?

Marahaba. Hujaibiwa, bati linatoa jasho. Usiku wa baridi bati linapoa sana, mvuke wa pumzi na wa jikoni unaligusa na kugeuka maji. Toboa matundu ya hewa chini ya mapaa na kwenye pembetatu za kuta za mwisho, na weka dari. Kwa nyumba ambayo bado haijapauliwa, tandika karatasi ya kuzuia unyevu juu ya papi kabla ya bati.

*Mwanachama wa Makambako:* Huku upepo ni mkali. Niongeze misumari?

Kuongeza misumari peke yake hakutoshi kaka. Badilisha iwe skrubu, kisha angalia kenchi zimefungwaje kwenye ukuta. Nimeona paa likiruka na bati likiwa bado limeshika papi vizuri kabisa. Kilichoachia ni kenchi.

*Mwanachama wa Iringa:* Nataka kupaua banda la nguruwe. Alu-zinki ni sawa?

Hewa ya mkojo na mbolea ina amonia, nayo hula mipako kutokea chini. Chukua bati lenye rangi pande zote mbili, inua paa juu, acha wazi kileleni. Na mbolea isirundikwe ukutani.

*Mwanachama wa Uyole:* Mbao zangu zimetiwa dawa, bado za kijani na mbichi. Naweza kupiga bati wiki hii?

Subiri zikauke dada. Dawa ile mara nyingi ina shaba, na shaba ikiwa na unyevu hugombana na zinki. Kwa sababu hiyohiyo, usiache waya wa shaba wa radi ulale juu ya bati.

*Mwanachama wa Mbalizi:* Tundu moja limetokea, nimeziba kwa lami. Inatosha?

Jua litaipasua. Kwangua, safisha, kausha, kisha bandika utepe wa mpira. Kama tundu linatokana na msumari uliolegea, ng'oa, weka skrubu nene kidogo yenye mpira mpya. Kama ni kutu iliyotoboa, usizibe. Badilisha bati hilo moja, na uangalie jirani zake wa juu na chini kabla hujashuka.