Kucheza na kihisi cha sukari: soma mshale kabla ya namba

Somo hili ni la vijana wenye kisukari aina ya 1 (mwili hautengenezi insulini, lazima uichome) wanaovaa kihisi, kile kifaa kidogo cha kubandika kwenye ngozi kinachotuma namba ya sukari kwenye simu, na hawataki kukaa benchi. Mimi nilikipata kisukari nikiwa na miaka 12, na siku moja nusura nizimie uwanjani kwa kosa la kijinga. Simu ilionyesha sukari 7.2, nikaona niko salama. Mshale pembeni ulikuwa unatazama chini, yaani sukari inashuka, sikuujali. Dakika ishirini baadaye nimeshika mwamba wa goli, mikono inatetemeka, jasho la baridi, mpira siuoni uko wapi.

(Namba zote za sukari hapa ni mmol/L. Kama kifaa chako kinatumia mg/dL, zidisha kwa 18.)

Hatua ya 1: Saa moja au mbili kabla. Jiulize insulini ya mlo wa mwisho umeichoma lini. Kama haijapita saa mbili, bado inafanya kazi, na mazoezi yataipa nguvu. Wengi hupunguza dozi ya mlo huo kwa robo hadi nusu. Kiasi chako kipange na daktari wako. Tena usichome pajani halafu ukaenda kukimbia, maana insulini huingia mwilini upesi zaidi.

Hatua ya 2: Dakika 15 kabla. Sukari kati ya 7 na 10, mshale umelala: ingia. Chini ya 5: kula kwanza gramu 10 hadi 20 za wanga wa haraka, subiri ipande. Saba yenye mshale wa kushuka mimi huihesabu kama tano: nakula kwanza. Ikizidi 15, pima ketoni za damu (asidi zinazojikusanya mwili ukikosa insulini), zikiwa 1.5 mmol/L au zaidi, leo huchezi, fuata maelekezo uliyopewa kliniki.

Hatua ya 3: Ukiwa uwanjani. Pandisha kengele ya kushuka hadi 5.6 ili ikushtue mapema, na simu apewe mtu anayejua maana ya ule mlio. Kihisi hakipimi damu. Kinapima majimaji chini ya ngozi, kwa hiyo huchelewa dakika 5 hadi 15, na sukari inaposhuka kwa kasi ndipo pengo hilo linapouma. Ukitetemeka huku simu inasema 5.8, amini mwili. Toka, toboa kidole upime damu.

Hatua ya 4: Usiku. Misuli huendelea kuvuta sukari ijaze akiba yake, hata hadi saa 24. Ukicheza jioni, tegemea kushuka usiku wa manane. Simu isiwe kimya.

Maswali ya wanachama

*Nikikimbia mita 100 sukari inapanda badala ya kushuka. Kihisi kibovu?*
Kizima kabisa. Mbio fupi za nguvu zote, na kunyanyua vyuma pia, huamsha adrenalini, nayo huliamuru ini kumwaga sukari. Usikimbilie kuchoma, mara nyingi hurudi yenyewe.

*Mwanangu anaona aibu, anavaa mikono mirefu juani ili wenzake wasikione kihisi. Nifanyeje?*
Mama, aibu hiyo naijua. Vihisi vingine huruhusiwa kuvaliwa tumboni, soma maelekezo ya chake. Ila kocha na mchezaji mwenzake mmoja lazima wajue, na wajue vidonge vya glukosi viko mfuko gani.

*Naogelea, pampu yangu ya kuingiza insulini mwilini naivua. Simu nayo inapoteza namba. Ni kawaida?*
Ndiyo, mawimbi ya bluetooth hayapiti vizuri majini; namba hurudi ukitoka. Wasiwasi wangu uko kwenye pampu. Ina insulini ya haraka tu, ukiivua muda mrefu unabaki bila insulini kabisa na ketoni zinaanza kujikusanya. Usipitishe saa mbili bila kuirudisha, na kila ukipumzika ukingoni, pima.