Namna ya Kupokea Kahawa Barazani kwa Waimarati

Ukikaribishwa majlisi, yaani baraza la Waimarati (wenyeji wa Umoja wa Falme za Kiarabu), vua viatu, toa salamu, kisha ukae pale utakapoonyeshwa. Mhudumu hushika dele, yaani birika la kahawa, kwa mkono wa kushoto na finjani kwa wa kulia, nawe upokee kwa mkono wa kulia. Kahawa yao, yenye hiliki na pengine zafarani, haitiwi sukari, kwa hiyo tangulia na tende. Usidhani umepunjwa ukiona finjani haikujaa, kwani huko kuijaza hadi ukingoni huweza kueleweka kuwa mgeni anaharakishwa aondoke. Utaongezwa kila unapomaliza, mpaka uitikise finjani kidogo unapoirudisha. UNESCO iliorodhesha desturi hii kuwa urithi mwaka 2015.